Sufuria juu ya kompyuta ya Mzee Gopal

Mzee Gopal amekufa. Juzi, ndani ya chumba chake, peke yake.

Jirani yangu hapa mtaa wa Point, miaka sita. Muhindi, hana bibi, hana mutoto. Tangu bibi yangu afe, ni yeye alikuwa anagonga mulango kuniuliza kama nimekula.

Nikasema, huyu hataenda bila matanga. Mama Furaha wa salon akapika maharagi. Nikaweka picha yake Facebook, pengine iko ndugu.

Tulizania tutakuwa watu wane.

Leo saa sita, eish! Wahindi wamejaa mpaka kwa ngazi. Wengine wametoka Joburg.

Mama mumoja, daktari, akavua viatu, akaingia.

"Papa, ile sufuria umeweka juu ya nini?"

"Kompyuta yake, mama. Imekufa zamani."

Akaitoa sufuria mwenyewe. Akapanguza mchuzi na nguo yake. Akainama, akagusisha paji la uso kwa ile kompyuta, heshima ya kwao.

Nilitamani ardhi ipasuke. Chekeni tu.

Akaniambia: internet ikiwa bado mupya, Mzee alikuwa na website ya habari za filamu za kwao, za luga ya Kannada. Watu wa kwao dunia nzima walikuwa wanaifungua kila asubuhi.

"Nilikuwa nasoma mbali, peke yangu," akasema. "Ni yeye alinishikia luga ya mama yangu."

Na mimi kila wiki: mzee, tupa hii chuma! Anacheka tu.

Wakati wa kubeba mwili, wakauliza nani atashika mbele. Yule daktari akanionyesha mimi.

Nimebeba mutu mukubwa leo.

Kesho narudi kazi.