Siku Nyanya Alipokataa Kushuka Kwenye Paa

Juzi nilikuwa na kazi upande wa Ndalu, nikapitia shule niliyosomea. Nilikuta mafundi wamelishusha paa lote la darasa letu la nane, mabati yameegemezwa ukutani yakiwa na kutu. Stima imefika, jengo jipya linakuja, na kwa mtaala mpya hata hilo darasa la nane siku hizi halipo tena. Kwenye ukuta wa ofisi wamechora maneno ya kuwashukuru wageni waliotuletea sola. Sawa, wanastahili. Lakini mimi nilikuwepo, na kuna mtu ambaye hakuandikwa pale, na jambo hilo linanikera hadi sasa ninapokusimulia.

Wewe uliyekulia kwetu unaukumbuka msimu wa mahindi. Mashine ya kupukuchua ilinguruma tangu asubuhi, na vumbi lake lilitua kwenye uji, kwenye nywele na kwenye nguo zilizoanikwa. Kazi yangu kwa nyanya ilikuwa kutandaza mahindi kwenye turubai na kufukuza kuku. Jioni nilipika mboga ya mrenda, tukala, kisha nikasoma kwa koroboi moshi ukiniingia puani, mpaka nyanya aseme mafuta yaliyobaki ni ya kesho. Nilitamani sana kusoma hadi nichoke mwenyewe.

Basi wakaja wageni, vijana wa ng'ambo waliojitolea kutukarabatia darasa na kutuwekea sola. Fundi wao alikuwa msichana mrefu mwenye Kiswahili cha kuokoteza, aliyekunywa uji wetu bila kuuliza umetengenezwa na nini. Siku alipopanda paa, wanaume waliokuwa wakichanganya simiti waliacha makoleo. Kwetu mwanamke hapandi paa. Ilisemwa kwamba akipanda, anamtakia mumewe kifo. Wakanong'onezana, kisha wakakubaliana kwamba mgeni ni mgeni, hajui, asamehewe.

Shida ilianza alipouliza ni nani atakayebaki akipangusa paneli za sola, maana vumbi likitanda juu yake taa hufifia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia waya, nilijua kila mmoja unaenda wapi, basi akanichagua. Nikapanda. Mabati yalinichoma nyayo, na kutoka kule juu niliuona mlima wote na boma letu likiwa dogo. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu.

Niliposhuka, mwenyekiti wa kamati ya wazazi alikuwa ananisubiri. Alisema msichana wa kupanda paa analeta laana, na nikirudia, nitafute shule nyingine. Shule nyingine ilikuwa ng'ambo ya mto, na mvua ikinyesha huwezi kuvuka. Nilijua maana yake. Ningebaki nyumbani nikifukuza kuku.

Nyanya akaitwa aje anikanye mbele ya kamati. Alikuja amevaa nguo yake ya kanisani na buti za shambani. Walitarajia aombe radhi, kwa kuwa ni mjane na hana mtu wa kumsemea. Alimsikiliza mwenyekiti hadi mwisho, akajifunga leso kiunoni, akaelekea kwenye ngazi. Tulidhani anataka kuiondoa. Akapanda, polepole, akihema, mgeni akiishikilia ngazi kwa mikono miwili huku rangi imemtoka usoni. Alipofika ukingoni mwa paa aliketi, akavua kitambaa cha kichwa, akaanza kuipangusa paneli iliyokuwa karibu naye.

"Mama, shuka, utaanguka," mwenyekiti alisema.

"Bwana yangu alishakufa. Si mnajua amelala pale kwa migomba? Na huyu mtoto hana bwana. Sasa hapa tunaua nani?"

Mwenyekiti akasema haya si mambo ya mchezo. Nyanya akamjibu kwamba hata yeye hachezi, na hashuki mpaka asikie kwamba mjukuu wake atabaki shuleni na atapanda paa kila inapobidi. Akakaa. Jua likampiga. Wamama waliokuwa wakipika uji wa shule wakampitishia kikombe, kisha wakaketi kando ya ukuta na wasiondoke. Mawingu yalikuwa yanajikusanya mlimani, na mahindi ya mwenyekiti yalikuwa nje, hayajafunikwa. Akawa anatazama juu kwa nyanya, anatazama mlimani.

Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Haya, apande."

Nyanya akamwambia arudie, wale wa nyuma hawajasikia.

Nilizipangusa paneli zile mpaka nikamaliza shule, na chini ya taa zake nilisoma nilivyotaka. Nyanya hayupo tena. Siku ya maziko mhubiri alimsifu kuwa alikuwa mama mpole, mtiifu, asiye na maneno. Nilimheshimu mhubiri, lakini nilikasirika. Hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa mkaidi, na ukaidi wake ndio ulionisomesha. Koroboi zimekwenda, darasa la nane limekwenda, wale wamama wa uji wengi wamekwenda, na sasa paa nalo. Wakiuchora ule ukuta upya wasipomwandika, nitaleta rangi yangu mwenyewe.

Siku hizi mimi ni fundi wa sola. Nazunguka kutoka Endebess hadi Lwakhakha, na bado wapo wanaoniuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Juzi hiyo hiyo nikiwa juu ya paa la mteja, mzee mmoja alisimama uani akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kama siogopi mume wangu kufa.

"Mume wangu ndiye huyo hapo chini ananipitishia waya, mzee," nikamwambia. "Si unaona vile amenona?"