Bwana Semina Apeleka Posa

Yakoub hakupunguzwa kazi. Hilo alitaka kila mtu wa Chumbageni alijue, na asiyelijua aliambiwa mara mbili. Wafanyakazi mia na ushee wa kiwanda cha magunia walipewa barua za kupunguzwa mwaka ule wa tisini na nne, na barua hizo aliziandika yeye, maana ndiye aliyekuwa Afisa Utumishi. Alipomaliza ya mwisho akaandika ya kwake, ya kuacha kwa hiari, akaja nayo nyumbani kumsomea mkewe huku chai ikipoa.

"Mama Suhaila, mimi siachi kazi. Mimi natoka kifungoni."

Mastura akamtazama. Kifungo gani hicho ambacho gari linakufuata mlangoni kila asubuhi?

"Sasa utafanya nini?"

"Mkufunzi wa mafanikio. Nimekwenda semina wiki mbili Arusha, cheti ninacho."

"Ndiyo ualimu?"

"Mwalimu anakupa jibu. Mimi sikupi. Nakuuliza maswali mpaka jibu lililomo ndani yako litoke lenyewe."

"Kama mwiba," akasema Mastura.

Yakoub hakucheka. Miaka ile ya shida, sukari ikitafutwa kwa tochi, yeye ndiye aliyegawa vibali vya duka la kiwanda. Watu walimpisha njia, wakacheka vichekesho vyake visivyochekesha. Hakuwahi kusimama foleni, hata ya sabuni. Basi akaamini kabisa kwamba wanaheshimu akili zake. Sasa maduka yamejaa sabuni za kila rangi, hakuna mwenye haja na kibali cha mtu, na akili ile ile ndiyo aliyotaka kuwagawia watu.

Akabandika karatasi kubwa ukutani barazani, akaandika kwa wino mnene: UNATAKA KUWA NANI? Waliokuja mwanzo ni wale wale aliowaandikia barua. Fundi mmoja wa mashine akamwuliza, "Bwana Yakoub, kazi nitapata wapi?" Yakoub akafumba macho kidogo, akasema, "Wewe mwenyewe unaonaje?" Fundi akaona bora avae ndara zake aondoke. Hadi Ramadhani inaingia, baraza lilikuwa jeupe, na watoto wa mtaa walikwisha kumbatiza Bwana Semina. Nyumba ililishwa na mikate ya kumimina ya Mastura. Hilo Yakoub hakulitia kwenye masomo yake.

Yote hayo Mastura aliyameza. Lililomkaba roho lilikuwa moja: mdogo wake, Uweso. Wazazi walikufa, akamlea yeye. Uweso naye alipunguzwa kiwandani, akahamia Pangani kutengeneza injini za maboti, na huko akampenda Semeni, binti wa Bweni, ng'ambo ya mto. Lakini kulikuwa na mtu wa Mkwaja mwenye minazi yake ambaye alikwisha kuanza kupitapita pale. Posa ya Uweso ilitakiwa iende upesi, na iende vizuri. Mastura akamchagua mshenga: Mzee Haji, jirani, mpara samaki wa sokoni. Hajui kusoma, ila posa zote alizopeleka zilijibiwa kheri.

Yakoub akanuna siku tatu. "Mna msomi ndani, mnamtuma mpara samaki?"

Uweso angesema nini? Kwa shemeji ndiko alikokulia. "Haya, shemeji, nenda wewe."

Barua ya posa huanza na bismillahi, ikazunguka kwenye salamu, ikaja kwenye haja kwa ubavu kama mtu aonaye haya, kisha ikafungwa kwenye leso safi. Yakoub aliichapa kwa taipu. Juu akaweka YAH: OMBI LA KUOA, akaitia kwenye bahasha ya kaki.

Yeye na Mastura wakavuka mto kwa pantoni. Wanaume wakakaa ukumbini, Mastura akakaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, pamoja na Bi Mwanaima, bibi yake Semeni. Mzee Jaku, baba wa binti, akasema, "Karibuni. Kuna shida gani?"

Shida kila mtu anaijua. Ni ada tu kuuliza, na hapo mshenga hujishusha aombe. Yakoub akapandisha mguu juu ya mguu.

"Kabla ya hilo, Mzee Jaku, unaionaje familia yako miaka mitano ijayo?"

"Unasemaje?"

"Miaka mitano ijayo. Unajiona wapi?"

"Nitakuwa na sabini na sita. Umekuja kunipimia kaburi?"

"Huyu mshenga au daktari?" Bi Mwanaima akanong'ona. Mastura akatamani sakafu immeze.

Mzee Jaku alikuwa mstahimilivu. "Tuyaache. Kijana wenu ana tabia gani?"

Hapa ndipo mshenga humsifu mtu hata mwenyewe asijitambue. Yakoub akatoa karatasi mfukoni. "Uweso ana mazuri matatu na ya kurekebisha manne," akaanza kuyasoma, na alianza na ya kurekebisha: hasira za haraka, usingizi wa mchana, hana malengo. "La nne, aliondolewa kazini."

"Na nani?"

"Na mimi."

Kukawa kimya. Kisha Mzee Jaku akasema, "Tumesikia. Jibu mtaletewa." Kahawa haikutoka.

Kwenye pantoni Yakoub alikuwa akichekacheka. "Umeona walivyonyamaza? Wanatafakari. Nimewaachia swali." Uweso alikuwa akingoja ukingoni upande wa Pangani, kavaa kanzu mpya. Hakumtazama shemeji yake, alimtazama dada.

"Dada, niambie."

"Bado."

"Bado nini?"

"Uweso, nimesema bado."

Kubadili mshenga ni kutangaza kwamba wa kwanza hafai, na wa kwanza huyo ni mumewe. Mastura alilala kwa ndugu pale Pangani, asubuhi akavuka peke yake, akaingia kwa mlango wa uani.

"Shikamoo, bibi. Jana hatukuleta posa. Tulileta mtu."

"Mtu gani?"

"Mume wangu. Hafai kutumwa." Alikuwa hajawahi kulisema neno hilo mbele za watu, na likishatoka halirudi.

Bi Mwanaima akatema tambuu. "Umekaa naye miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Pole." Akafikiri. "Leteni mtu anayejua kuomba. Ila na huyo wako aje, akae pale pale alipokaa, Jaku amwone amenyamaza. Akifungua mdomo, Semeni anakwenda Mkwaja."

Mastura akamfikishia Yakoub maneno yale bila kuyapaka sukari. "Haji atasema. Wewe wanataka unyamaze."

Yakoub akashika kidevu. "Kunyamaza ndiyo mbinu ya juu kabisa. Tulifundishwa wiki ya pili."

Ijumaa ile Mzee Haji alivua makubazi mbali na mlango, akakaa karibu na kizingiti, mikono mapajani.

"Mzee Jaku, tumekuja na njaa, na mlango wenye chakula ni huu wako."

"Kijana wenu ana hasira."

"Anazo. Mtufunzie."

"Analala mchana."

"Analala, maskini. Anahitaji mtu wa kumwamsha."

Mzee Jaku akajizuia, akashindwa, akacheka. Yakoub akainua kidole, midomo ikaanza kufunguka. Nyuma ya pazia Mastura akakohoa kikohozi cha kupasua kifua. Midomo ikafungika.

"Leteni kahawa," akasema Mzee Jaku.

Wakati wa kurudi, Yakoub alimwegemea Haji kwenye pantoni. "Uliona? Nilikuwa nakuongoza kwa macho."

"Ahsante, bwana," akajibu Haji, kwa kuwa alilelewa vizuri.

"Ngoja tufike, nitamweleza Uweso tulivyofanikiwa, hatua kwa hatua."

Mastura akainuka. Akawapita wenye baiskeli na matenga ya ndizi mpaka mbele kabisa. Uweso alikuwa anaonekana ukingoni, mdogo kama kijiti, kanzu ile ile. Mto ulikuwa bado nusu. Mastura akaweka kiganja mdomoni, akapiga kigelegele kirefu, watu wote wakageuka, kisha akapiga cha pili, mpaka alipomwona mdogo wake anaruka.