Kitabu cha Ndoyi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mtoza ushuru alisimama mbele ya meza yangu, akachukua kijitabu kimoja, akakinusa. Ndiyo, alikinusa! Wino wa stensili ulikuwa bado mbichi. Nilikuwa msichana wakati ule, mwalimu wa darasa la pili hapa Kabondo, na mshahara ulichelewa mpaka tunausahau. Kwa hiyo nilikusanya vitendawili ambavyo mama yangu alikuja navyo kutoka Maniema, nikaviandika, nikavichapisha mwenyewe, nikawa naviuza barazani kwa jirani yetu, Papa Asumani, fundi wa nguo. Yeye ndiye aliyevishona mgongo, kwa cherehani ileile ya suruali. Watu walitania kwamba vitabu vyangu havichaniki hata ukivivaa.

Kwenye jalada niliandika jina moja tu: Riziki.

"Hii kitabu, njo wewe uliandika?" mtoza ushuru akauliza, yaani ndiye mimi niliyekiandika?

Nikaamua kukana. Si kwamba niliichukia kodi, hata sikuijua vizuri. Nilimwogopea mama. Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye meli za mto, na alipofariki mama alibaki akipokea pensheni ya mjane. Hiyo ndiyo tuliyokula, hiyo ndiyo iliyonunua dawa zake za pumu. Na kwenye foleni ya pensheni wajane walinong'onezana kwamba ofisi ikisikia nyumba ina pato jingine, inakata. Nani alikatiwa? Hakuna aliyemjua. Lakini lisemwalo lipo, nilijiambia, na kama halipo laja.

Basi nikajibu haraka: "Hapana, papa. Ni ndoyi yangu njo aliandika. Mi niko nauzisha tu."

Ndoyi, kama tunavyosema hapa mjini, ni mtu ambaye mnaitwa jina moja. Na kweli nilikuwa naye. Mke wa Papa Asumani alikuwa amejifungua binti majuzi tu. Mimi ndiye niliyemsindikiza hospitali, amekaa nyuma ya toleka, baiskeli ya kukodi, nami nakimbia pembeni nikimshikilia mgongo. Kwa shukrani wakampa mtoto jina langu. Mtoza ushuru hakuuliza umri. Akaandika kwamba mwandishi ni Riziki mwingine, akasema ndoyi huyo apite ofisini alipie patente, ile ruhusa ya mfanyabiashara mdogo. Alipoondoka nilijiona mjanja kuliko sungura. Ndani, cherehani ya Papa Asumani ilikuwa imenyamaza. Baadaye ikaendelea.

Tangu siku ile swali moja liliniwasha. Hivi kitabu ni bidhaa kama sabuni? Mtu akiuza kilichotoka kichwani mwake, au kichwani mwa mama yake, anauza nini hasa? Je, kodi inakatwa kwenye karatasi, au kwenye kitendawili? Nilitamani sana kumwuliza mtu anayejua. Lakini ukishajificha huwezi kuuliza, maana ukiuliza umejionyesha. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimekaa na maswali yangu tumboni kama mja mzito asiyekwenda kliniki.

Haikuchukua muda, akaja directrice, yaani mwalimu mkuu, wa shule ya wasichana. Alikuwa amekisoma kijitabu, amekipenda, anakitaka kwa madarasa yote. Nilitaka kuruka!

"Donc, mwandishi ni nani?" akauliza. "Malipo itatoka kwa jina yake, na yeye njo atasaini."

Kabla sijafungua mdomo, Papa Asumani akatoka ndani, kichanga begani.

"Madame directrice, mwandishi iko hapa," alisema bila hata kutabasamu. "Huyu ndoyi. Riziki alisema vile mbele ya mutu wa kodi, mi nilisikia na masikio yangu. Na kwa sababu mutoto hajajua kushika bic, mi baba yake njo nitasaini."

"Papa Asumani! Unajua vizuri ni mi niliandika!"

"Mi najua. Mutu wa kodi hajui. Na madame, atajulia wapi?"

Kichanga kikacheua maziwa juu ya jalada. Directrice alicheka mpaka akavua miwani, akasema atarudi siku mwandishi atakapopatikana. Mimi sikucheka. Niliona aibu na niliona hasira, na hasira ilikuwa kubwa zaidi. Vitendawili vya mama yangu vilikuwa vinaondoka mbele ya macho yangu, na mlango niliufungua mwenyewe.

Papa Asumani akanipakatisha mtoto, akaketi karibu nami.

"Binti yangu, ukikimbiza jina yako juu ya kodi, kitabu nayo inakimbia pamoja na jina. Unaogopa nini?"

Nikamweleza habari ya pensheni.

"Uliuliza wenye kulipa?"

"Hapana. Nilisikia ku foleni."

"Alors, simama. Twende."

Akamrudisha mtoto kwa mama yake, akaacha suruali ya mteja juu ya cherehani, tukaenda. Karani wa pensheni alinisikiliza, akanikazia macho kana kwamba nimemtegea kitendawili.

"Pension ya mujane ni jasho ya marehemu," akasema. "Haikatwe sababu mutoto yake anaandika kitabu. Kama maman anaolewa tena, pale njo tutasemezana."

Nilipomfikishia mama jibu hilo, alikohoa kwa kicheko. "Uwaambie bado natafuta," alisema.

Kisha nikaenda kwenye ofisi ya kodi, nikasema: ni mimi. Nilikaripiwa, na nilistahili. Ushuru wenyewe ulikuwa mdogo kuliko hofu yangu. Directrice aliporudi nilisaini kwa mkono wangu.

Sasa wewe. Jana ulikuja na chakula kizuri, maboke, samaki waliopikwa ndani ya majani, nikajua kuna jambo. Unaandika hadithi, unaziuza kwa simu, na pesa inaingia simuni. Kwa kuogopa kodi ukaniomba nikubali kwamba hadithi zile ni zangu, kwa kuwa jina ni lilelile, na mwalimu mstaafu nani atamsumbua? Fundi yule ni baba yako, Mungu amrehemu. Na kichanga kile ni wewe, ndoyi wangu.

Hapana, mwanangu. Jina tunagawana, kazi hatugawani. Pesa ikiingia simuni usiile yote. Weka pembeni fungu la kodi kabla tumbo halijaizoea. Mtu akikuambia hiki kitakatwa, kile kitafutwa, usibishane naye wala usimwamini. Nenda kwa anayekata, umwulize. Kila mfuko una sheria yake, na kuuliza si ujinga. Hata mimi, hadithi zako zikiandikwa jina langu, pensheni yangu ya ualimu itaguswa? Sijui! Nimelala na swali hilo, na nakuambia limenirudishia ujana. Kesho tutakwenda wote kuuliza. Wewe utalipa toleka.

Mungu akubariki, mkono wako usikauke wino, na kinachotoka kichwani mwako kilishe nyumba yako mchana kweupe. Wakikuuliza nani aliandika, jibu mwenyewe. Mara ya kwanza walipouliza tulikusamehe, ulikuwa na ziwa mdomoni.