Kabureta Isiyo na Orijini

Laiti Kifaransa kingekuwa na neno moja kwa jambo moja, ningeoa mapema.

Baba wa binti niliyemposa, mfanyabiashara wa mpunga mtaa wa Kasuku hapa Kindu, alinunua gari la kabla ya vita kwa Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa limelala uani, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Mimi nilikuwa fundi makanika. Akaniambia, "Siku hii motokari itatembea, njo siku nitakujibu juu ya binti."

Kabureta ilikuwa imepasuka. Nikamweleza kwamba inatakiwa piesi ya orijini, yaani kipuri cha aina ileile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani. Mzee akaitikia kwa kichwa. Neno hilo la Kifaransa, orijini, alilijua vizuri: lilikuwa kwenye kitambulisho chake, palipoandikwa kijiji cha mababu zake.

Akapanda treni mpaka Kibombo kwao, akarudi na kabureta ya lori, kubwa kama sufuria.

"Orijini yake Kibombo kabisa," akasema kwa fahari. "Nimeuliza mpaka kwa chefu wa kijiji."

Nilitaka kulia. Matundu ya skrubu hayakulingana hata moja. Akasema hiyo ni fitina ya mafundi.

Baadaye nikaipata ya kweli kwa muuza vyuma sokoni. Ilikuwa na chapa ileile ya kwenye injini, na matundu yalikaa sawasawa. Mzee akaigeuzageuza.

"Imetoka wapi?"

"Muuzaji hajui, Baba. Aliikuta ndani ya kasha."

"Basi haiko na orijini! Unaniletea kitu chenye hakijulikane kwao?"

Hapo nikawaka. Babu yangu aliletwa hapa na misafara ya Waungwana, wale wafanyabiashara wa watumwa kutoka pwani, akiwa mtoto, akafa bila kujua kwao. Kwenye kitambulisho changu karani aliandika Kindu ili amalize kazi yake. Nilimwambia mzee hayo yote kwa kelele, bisibisi mkononi. Kisha hofu ikanishika, maana huko jikoni binti alikuwa ameacha kutwanga.

Mzee akanirudishia kabureta.

"Ifunge."

Nikaifunga. Injini ikakohoa, bomba likatema manyoya ya kuku, halafu ikanguruma. Mzee akalizunguka gari polepole, akiweka mkono juu ya boneti iliyokuwa ikitetemeka.

"Haiko na kwao," akasema, "lakini imeingia mahali pake."

Akafungua mlango, akaketi, wala hakuniangalia.

"Ijumaa ulete wazee wako. Kama hauna, azima."