Msusi wa makuti Quionga anayeitunza afya yake kwa ajili ya dada

Saa moja asubuhi, Quionga, ng'ambo ya mto Rovuma ukitokea Tanzania. Zaida Chaquir amekaa chini juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, kuti limelala mapajani. Majani yamelowekwa tangu jana na sasa yanakubali kukunjwa. Vidole vinakwenda vyenyewe, jani moja juu, jingine chini, mpaka anafika nchani, anafunga fundo na kulikung'uta. Kisha anafanya jambo ambalo msusi mwingine yeyote wa pwani hii angelionea kichekesho. Anainuka.

Anainuka kwa taabu, mkono mmoja gotini, akitaja jina la Mungu. Analichukua kuti hilo moja tu na kulipeleka hadi upande wa pili wa uwanja, kwenye lundo lililopangwa karibu na ua wa jirani. Analilaza, anarudi, anakaa, anavuta kuti jingine.

Sadique, mteja anayeezeka upya nyumba ya wazazi wake, ameegemea baiskeli yake na uvumilivu umeanza kumwishia.

"Mama Zaida, lundo si ulisogeze hapo ulipokaa? Unajichosha bure."

"Ndiyo nataka nichoke kidogo," anajibu bila kuinua macho. "Wewe subiri. Makuti yako hayana miguu."

"Tá bom, mama," anakubali Sadique kwa Kireno, na kuchuchumaa kivulini.

Kwenye kitanda cha kamba kilichowekwa upenuni amelala mwanamke mwingine, uso umepinda upande mmoja. Huyo ni Alima, dada yake Zaida wa tumbo moja. Maneno yake hutoka polepole, lakini hutoka yakiwa kamili.

"Mwache atembee. Akikaa sana hununa."

Zaida ana miaka hamsini na minane, na Alima amemzidi sita. Upande wote wa kulia wa Alima hauna nguvu tangu alipopata kiharusi. Zaida ndiye anayemwosha, anayemvisha, anayemlisha na kumgeuza usiku ili mgongo usioze. Binti zake Zaida wameolewa mbali kusini, katika mji wa Pemba. Mtoto pekee wa Alima alivuka Rovuma na hajarudi. Hakuna mtu wa tatu ndani ya nyumba hii.

Na Zaida naye ana ugonjwa uleule uliomwangusha dada yake. Ni shinikizo la damu, ambalo huku kila mtu huliita kwa Kireno, *tensão*.

"Nikianguka mimi, tumeanguka wawili," anasema. "Kwa hiyo siruhusiwi kuanguka."

Zamani waliishi katika kijiji cha wavuvi kando ya ghuba ya Tungue, nyumba zao zikipakana. Mwaka 2021, watu walipoukimbia mji wa Palma na vijiji vyake kwa sababu ya vita, wao walibeba walichoweza vichwani wakatembea kuelekea kaskazini, hadi kwa ndugu za mama yao hapa Quionga. Alima alikuwa na vidonge vyake vya tensão, amevifunga kwenye ncha ya kanga. Zaida alikuwa ameshapimwa na kuambiwa damu yake inapanda, ila hakuwahi kupewa dawa.

Siku zile kupata dawa ilikuwa bahati. Basi wakafanya kile ambacho familia za huku hukifanya kwa kila kitu kinachopungua. Wakagawana. Leo anameza huyu, kesho yule. Vidonge vilipozidi kuisha wakawa wanavikata vipande, na kumeza pale tu kichwa kinapogonga.

"Tuliona tunafanya wema," Zaida anasema. "Samaki akiwa mmoja unamgawa. Unga ukiwa kidogo unaugawa. Nani angekaa na dawa yake peke yake wakati ndugu yake ameshika kichwa?"

Asubuhi moja Alima alikuwa anachuja tui, chujio likamponyoka. Akataka kuliokota, mkono haukumsikia. Akataka kumwita mdogo wake, mdomo ukaenda upande.

Baadaye Zaida alielezwa kwamba dawa ile ni ya mwili mmoja na ya kila siku, kichwa kiume kisiume. Kumbe kwa kuigawa haikumkinga yeyote. Maneno hayo yalimkata maini, na mpaka leo hayajamtoka.

"Nilikula dawa ya dada yangu," anasema.

Kutoka kitandani Alima anatikisa mkono wake mzima kwa hasira. "Umeanza tena. Nilikupa mimi, kwa mkono wangu. Usingepokea ningekutukana. Kila ukisema hivyo unaninyang'anya sadaka yangu."

Zaida anavuta kuti jingine. Ni ugomvi wa miaka, na haonekani mtu aliye tayari kushindwa.

Muuguzi Ilda wa kituo cha afya, Mkristo kutoka nyanda za juu za Mueda, ndiye aliyempa Zaida vidonge vyake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Pamoja na vidonge akampa mawaidha ambayo kila mgonjwa wa tensão hupewa: apunguze chumvi, asiwe na mawazo, atembee nusu saa kila siku. Zaida alijifunga kanga yake akaondoka amefura.

"Nitembee! Nilitoka Tungue mpaka hapa na godoro kichwani, mwanangu. Kama kutembea ni dawa, mimi ningeshapona. Na hiyo nusu saa, dada nimwache na nani?"

Ilda anaikumbuka siku hiyo. "Alinikasirikia kwelikweli. Aliporudi, nikamwomba anisimulie siku yake, tangu anapoamka mpaka anapolala. Nilipaswa kuanzia hapo."

Katika mazungumzo hayo ndipo lilipopatikana wazo la lundo. Zaida hukaa chini kutwa, miguu ikivimba, na makuti humrundikania ubavuni mpaka mteja aje. Basi lundo likahamishwa. Sasa kila kuti analomaliza analipeleka kwa miguu yake, na muda wote huo Alima yuko mbele ya macho yake. Majirani walinong'ona kwamba ameagizwa na mganga. Wengine walisema ni akili, tangu vita. Zaida aliwaacha waseme mpaka midomo iwachoke.

Mengine aliyatafuta mwenyewe jikoni. Hakuacha ng'onda, samaki wadogo wa kukaushwa wanaokuja na chumvi yao, maana ndicho kitoweo anachokimudu. Siku njema makuti humpatia kama meticais mia mbili. Siku za mvua hapati hata nusu yake. Lakini siku hizi huwaloweka ng'onda hao na kumwaga maji ya kwanza, kisha chungu hukisaidia kwa uchachu wa mbirimbi na embe bichi badala ya chumvi.

"Wiki ya kwanza," Alima anasema, "nilitaka nirudi Tungue kwa miguu."

Kidonge humezwa baada ya swala ya alfajiri, kabla mkeka haujakunjwa. Ramadhani huhamia kwenye daku. Jambo hilo aliliuliza Ilda kwanza, kabla Zaida hajapata ujasiri wa kulitaja.

Kisha lipo sharti moja ambalo kila anayeingia uwanja huu huambiwa. Baada ya alasiri, habari za vita hazizungumzwi hapa. Asubuhi zungumza utakavyo, nani amerudi, nani hajaonekana, nyumba ya nani imeungua. Alasiri ikishapita, ni habari za harusi, za bei ya mchele, za mbuzi wa jirani aliyekula majani ya kusukia.

"Si kwamba tumesahau," Zaida anasema, na kwa mara ya kwanza vidole vinapunguza mwendo. "Nikisikia habari hizo jioni, usiku silali. Nisipolala inapanda. Ikipanda, nani atamgeuza dada?"

Haikuwa rahisi, na bado si rahisi. Majuzi ulipita uvumi kwamba wenye silaha wameonekana karibu. Zaida alifunga mzigo, akaufungua, akaufunga tena. Hakumeza kidonge, hakusuka, hakupika cha maana. Alipopimwa, Ilda alikitazama kipimo mara mbili.

"Nilirudi nyuma kabisa," anasema. "Uvumi ulipoisha nikaufungua mzigo, nikaanza tena siku ya kwanza. Ndivyo ninavyoishi, naanza tena."

Lakini jaribu zito lilimjia kwa jina la udugu. Wifi yake Muaziza, dada wa marehemu mumewe, alirudi kutoka Tanzania na kuja kumsalimia. Walikula, wakacheka, wakalia kidogo. Wakati wa kuaga, Muaziza akashika kisogo.

"Wifi, kichwa kinanigonga. Nimesikia unavyo vile vidonge. Nipe viwili tu."

Zaida anasema moyo ulimwenda mbio kama aliyefumaniwa. Kumnyima wifi yako kitu kilichomo ndani mwako, kwa huku, ni kujitoa katika ukoo. Alimtazama Alima. Alima alikuwa akimtazama yeye.

"Sikupi, wifi," akasema. "Kesho nitakupeleka ukapate vyako."

"Nikapange foleni kwa vidonge viwili? Na wewe unavyo humo ndani?"

"Ninavyo. Sikupi."

Muaziza aliondoka bila kuaga. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulishajua kwamba Zaida wa makuti amekuwa mchoyo, anamnyima dawa hata dada wa mume aliyemzika. Jioni hiyo, anakiri, alilia kuliko siku waliyoikimbia Tungue.

Asubuhi alimwomba jirani amtazamie dada, akaenda kumgongea wifi yake. Hakufunguliwa. Kesho yake akaenda tena, akazungumza na mlango. Mara ya tatu Muaziza alitoka amejifunika mpaka puani, wakaongozana mpaka kituo cha afya bila kusemezana. Alipopimwa, Ilda alimlaza kwenye benchi na kumkataza kurudi nyumbani mpaka ishuke.

Leo Muaziza ana vidonge vyake. Bado hali chakula kwa Zaida, na wakikutana njiani salamu ni fupi. Zaida linamuuma, wala halifichi.

"Ataninunia mpaka atakapochoka," anasema. "Mtu mwenye kununa yuko hai."

Sadique amefunga mzigo wake na kusukuma baiskeli kwa mashaka kuelekea barabarani. Jua limekuwa kali. Zaida anamsogezea Alima kitanda kivulini, anamfuta jasho, anamnywesha maji kidogo kidogo. Akishaswali adhuhuri atajilaza ubavuni kwake, na mteja atakayekuja atasubiri. Alima anafumba macho.

Akiulizwa anatarajia nini huko mbele, Zaida anataja kwanza vitu vya kawaida. Angependa kiti cha magurudumu, dada aone watu barabarani. Angependa binti zake waje Idi. Kisha anahakikisha Alima amelala, na kushusha sauti.

"Watu huomba umri mrefu. Mimi nina dua ambayo sijamwambia mtu, maana ataniona mbaya. Namwomba Mwenyezi Mungu amchukue dada yangu kwanza. Hata iwe siku moja kabla yangu. Nimwoshe mimi, nimvishe sanda mimi, nijue hakubaki na mtu asiyejua anavyogeuzwa. Hiyo siku moja ndiyo ninayoitafuta kwa vidonge hivi. Baada ya hapo, ikipanda na ipande."

Kitandani, Alima hafumbui macho.

"Amina," anasema. "Ila usiniharakishe."