Kisanduku Kilichorudi Kimeoshwa

Mume wangu Tetsuharu hajaosha chombo tangu tuoane. Simlaumu. Mama yake alimlea hivyo, na mimi nikaendeleza. Jioni anatoka kiwandani kwao, wanakotengeneza skrubu, anaingia nyumbani, anaweka kisanduku chake cha chakula kando ya sinki kikiwa na punje za wali zilizogandia pembeni, anasema, "Kilikuwa kitamu," hata kama hakikuwa, kisha anakaa. Basi mwezi wa Mei kisanduku kilipoanza kurudi kimeoshwa, nilishtuka kuliko ambavyo ningeshtuka angerudi na rangi ya mdomo kwenye kola. Rangi ya mdomo inaweza kumpata mtu kwenye treni. Kisanduku hakijioshi.

Tetsuharu ni mtu wa Higashiosaka tangu kuzaliwa. Mfupi, mabega mapana, vidole vimejaa makovu madogo ya chuma. Mshahara wake unaingia kwangu, na kila tarehe ishirini na tano namtolea posho yake kwenye bahasha, kama mama yangu alivyomtolea baba. Kwa miaka mingi ilikuwa yen elfu thelathini. Mwezi ukifika katikati, elfu thelathini zilikuwa zimekwisha, naye anatembea nyumbani kama paka aliyenyeshewa, akipapasa mifuko ya makoti ya zamani. Nilijua zilikokwenda. Alikuwa anarudi na tumbo limejaa bia, kisha analalamika kwamba bia ya siku hizi haina ladha.

Aprili binti yetu Chinami aliingia chuo cha uuguzi kule Okayama. Ada ni ada. Nikampunguzia baba yake posho mpaka elfu ishirini, nikajiandaa kwa mwezi wa kununa. Yeye akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akainama, akasema, "Sawa, Mama Chinami." Hicho ndicho kilichonitia hofu kwanza. Mtu anayekatwa posho asipopiga kelele, ana mahali pengine pa kukaa.

Mimi nami nilibana upande wangu. Jumanne ya kwanza ya mwezi supamaketi yetu huuza mfuko: unalipa yen mia mbili, unajaza karoti uwezavyo, mradi zifike kwa keshia bila kuanguka. Wageni huanza kujaza papo hapo. Sisi tunaanza na mfuko wenyewe. Unauweka gotini, unauvuta taratibu kwa viganja vyenye joto mpaka unalainika na kurefuka, halafu unasimamisha karoti pembeni kama nguzo za ukuta, kisha unashindilia katikati. Mei nilitoka na karoti thelathini na nane. Jirani yangu wa mlango wa pili, Shizuyo, alitoka na ishirini na tisa, na tangu siku hiyo salamu zake zimepungua uzito.

Sasa karoti ni chakula kizuri. Siku ya kwanza nilizikaanga kwa ufuta, Tetsuharu akaomba nyongeza. Siku ya pili alikula akasema asante. Siku ya nne aliinua moja kwa vijiti akaitazama.

"Mama Chinami, hii karoti haina ndugu?"

"Ina ndugu. Wako kwenye friji."

Hakuuliza tena. Nikaendelea kumfungia za kula kiwandani, kila siku wali na karoti. Na kila siku kisanduku kikarudi kitupu, kimeoshwa, kimekaushwa, na yeye mwenyewe anapiga mluzi. Tarehe ishirini ya mwezi, mtu mwenye posho iliyokatwa, anapiga mluzi!

Nilimweleza Shizuyo tukiwa tunaanika nguo, kila mtu na roshani yake.

"Kuna mtu anamlisha," alisema bila hata kugeuka.

"Mtu gani?"

"Mwanamke, dada. Anampa chakula chake, karoti zako anazimwaga, halafu anakuoshea kisanduku ili ujue."

"Ili nijue nini?"

"Kwamba yupo."

Nilicheka, nikaingia ndani, nikakinusa kile kisanduku. Kilinukia ndimu. Sabuni yetu haina harufu. Ndiyo maana ni rahisi. Nikakaa chini palepale jikoni. Nilikuwa na binti mmoja chuoni, mume mmoja, na friji la karoti, na katika hivyo vitatu ni karoti peke yake nilizokuwa na hakika nazo.

Kesho yake nikajaribu jambo. Niliweka wali na karoti tupu, hata yai sikuweka, karoti za kuchemsha zisizo na chumvi. Mtu mwenye akili zake hali chakula kile. Kisanduku kikarudi kinameremeta. Tetsuharu akavua viatu akisema, "Kilikuwa kitamu," na safari hii macho yake yalionyesha kwamba anamaanisha.

Alhamisi niliomba ruhusa ya kutoka mapema kazini, kule tunakofungasha vitoweo. Nikavaa barakoa na kofia ya jua iliyofunika nusu ya uso, nikaenda kusimama ng'ambo ya geti la kiwanda karibu na mashine ya vinywaji. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa miguu. Miguuni nilikuwa na ndala zangu za njano. Hizo nilizipata kwenye kapu la mabaki, mtaa wa maduka, kwa yen mia tatu, kutoka elfu moja mia tisa, kwa sababu ndala ya kushoto ilikuwa imepoteza ua lake la zambarau. Kwetu mtu haringi kwa kitu cha ghali. Mjinga yeyote anaweza kununua kitu cha ghali. Unainua mguu unauliza, "Bahatisha, bei gani?" Nilikuwa nimeinua mguu ule mbele ya kila mtu ninayemjua.

Kengele ilipolia alitoka. Hakuwa na mwanamke. Alikuwa na wanaume watatu, nao walikuwa wanatembea haraka, bega kwa bega, kama watu wanaokwenda hekaluni. Wakaingia kwenye baa ndogo isiyo na viti, chini ya reli. Mimi nikajibanza mlangoni nyuma ya pazia la kitambaa, nikasikiliza.

"Wafalme wangu wamefika," sauti ya mwanamke ilisema. Nikachungulia kwenye mpasuo wa pazia. Mwenye sauti alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mwenye baa. "Moja, glasi nne?"

"Moja, glasi nne, Bibi Kinue," alijibu mume wangu.

Chupa moja kubwa ya bia ikawekwa. Tetsuharu akamimina, na sijawahi kumwona akifanya kazi kwa uangalifu ule, hata siku aliyomshika Chinami mara ya kwanza. Alimimina, akainama mpaka jicho likawa sawa na ukingo wa glasi, akaongeza tone hapa, tone pale. Chupa ikaisha. Glasi nne, kimo kimoja.

Mmoja wao, kijana kuliko wenzake, wa miaka arobaini hivi, akanyoosha mkono.

"Bessho! Povu halijatulia," Tetsuharu alimkemea.

"Kaka Tetsu, koo limekauka. Leo tuchukue mbili, basi. Nalipa mimi."

"Ulipe uharibu? Glasi ya kwanza ni bia. Ya pili ni kinywaji. Ya tatu ni safari ya chooni. Nimenunua za tatu miaka ishirini, najua ninachosema."

"Mwacheni atamani," alisema mzee mmoja mnene mwenye upara. "Haya, kesho ni nini?"

"Karoti," alisema mume wangu.

Wote wakacheka, nami uso ukaniwaka nyuma ya barakoa.

"Shemeji yetu ana shamba?"

"Ana mfuko."

"Msizitukane karoti," alisema yule mnene. "Kaka wa mke wangu anauza soko la samaki. Tangu mwaka juzi mke wangu ananifungia kibua. Kibua Jumatatu, kibua Ijumaa, nikilala naota kibua. Sasa nakula robo ya kibua, robo ya karoti, robo ya mayai ya Bessho na robo ya figili za mama mkwe wa Nakatsuji. Nimenenepa kwa furaha."

"Ulikuwa mnene kabla, Okiyama."

"Kwa huzuni!"

Nilikuwa bado napanga maneno hayo kichwani wakati yule wa nne, Nakatsuji, mwembamba mwenye miwani, aliposema taratibu, "Jamani, mlangoni kuna miguu."

Mapazia ya baa zetu ni mafupi. Yanafika kiunoni. Nimepita chini ya mapazia hayo maisha yangu yote, na sikulikumbuka hilo.

"Miguu ya nani?" Okiyama aliuliza.

"Ndala za njano. Ua moja."

Mume wangu hakugeuka. Alifumba macho tu. "Yen mia tatu," alisema.

"Kutoka elfu moja mia tisa!" wakaitikia wote watatu kwa pamoja, kama darasa.

Ikabidi niingie. Nilivua kofia, nikavua barakoa, na kwa kuwa mtu aliyeaibika hana budi kushambulia, nikauliza, "Nani anaosha kisanduku cha mume wangu?"

Kisha Okiyama akainua mkono, mkono mkubwa kama koleo.

"Mimi, shemeji. Tunacheza jiwe, mkasi, karatasi, anayeshindwa anaosha vyote vinne. Nashindwa mimi. Sijui kwa nini."

"Kwa sababu unatoa jiwe kila siku," alisema Bessho.

"Mkono wangu haufunguki vizuri!"

"Na hiyo sabuni ya ndimu?"

"Mke wangu ndiye aliyenipa. Anasema kibua kinanuka."

Nilimtazama mpinzani wangu toka utosini hadi kwenye buti. Usiku kucha nilikuwa najigeuza kitandani kwa ajili ya mzee huyu!

"Kwa hiyo," nikamgeukia Tetsuharu, "unalishwa na wanawake watatu."

"Na wewe unalisha wanaume wanne," alisema Bibi Kinue akifuta meza. "Mwenye kulalamika ni nani?"

Wote walicheka isipokuwa mume wangu. Alikuwa ananitazama jinsi anavyotazama bahasha tarehe ishirini na tano.

"Kwa nini hukuniambia, Baba Chinami?"

"Ningekuambia kwamba naishi vizuri kwa elfu ishirini," alisema polepole, "wewe ungesikia nini?"

Ningesikia elfu kumi na tano. Alinijua.

Bessho akakohoa. "Shemeji, usituvunjie. Akipungua yeye, chupa haigawanyiki. Watatu ni glasi na ziada, na ziada ndiyo mwanzo wa ya pili."

Tetsuharu alichukua glasi yake, povu limetulia vizuri, na kuisukuma mbele yangu. Mimi si mnywaji. Lakini nilikuwa nimesimama juani tangu saa kumi na hofu imenikausha koo, nikaiinua nikasema nitaonja tu. Ile bia ilishuka kama maji ya kisima. Niliposhusha mkono, glasi ilikuwa tupu.

Wanaume wanne waliitazama ile glasi kama watu waliofika msibani kwa kuchelewa.

"Ameimaliza yote," Bessho alinong'ona.

"Ilikuwaje?" aliuliza mume wangu.

"Tamu," nilisema, na ilikuwa kweli.

"Si unaona," alisema, na uso wake ukachangamka, mtu aliyepoteza bia yake ya siku nzima. Nilitamani sakafu inimeze. Nikafungua pochi kuagiza chupa nyingine.

"Funga hiyo," Okiyama alisema. "Chupa nyingine ni glasi ya pili kwa watu wanne." Akainua glasi yake, nao wakainua zao, wakanywa, wakatoa pumzi moja ndefu iliyotikisa pazia. Lakini hawakumaliza. Kila mmoja alibakiza vidole viwili chini. Wakavimimina kwenye glasi ya Tetsuharu, kimoja baada ya kingine. "Chukua. Mwisho wa glasi haumuumi mtu."

Ikajaa karibu kabisa. Mume wangu aliinama akapima kimo kwa jicho, akanywa, akafumba macho.

"Ya kwanza?" Nakatsuji aliuliza.

"Ya kwanza kabisa."

Tulirudi kwa miguu. Nilijua anangoja nini.

"Itabaki ishirini," nilisema tulipofika kwenye ngazi. "Isipungue wala isiongezeke. Lakini Jumanne ijayo unaomba ruhusa, unakuja kushindilia mfuko. Una viganja vya moto."

"Karoti tena?"

"Viazi. Mwambie Okiyama."

Akaanza kupiga mluzi. Nilikuwa nishaanza kuwaza kama viazi vya kuchemsha vitawafaa watu wanne, au niviponde na vitunguu, maana hakuna aibu kama wake watatu wasiowahi kukuona kukupima kwa robo. Shizuyo alikuwa mlangoni kwake, amejifanya anafagia pale palipofagiwa. Alimngoja Tetsuharu aingie ndani, akanishika mkono.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Yukoje?"

"Mnene," nilisema. "Ana upara. Na anaosha vyombo vizuri kuliko mimi."

Nikafunga mlango.