Wageni Wanakuja Jumamosi, na Kibanda Changu Kimekuwa Kizuri Mno

Admin, hili nakutumia wewe uwawekee wenzangu kundini, ila jina langu libaki kwako, maana huku Lodwar tunajuana mpaka kwa viatu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mjane, nina binti mmoja anayesoma shule ya bweni Kakuma. Si mtu wa kulialia, lakini wiki hii nimebanwa, haki sioni pa kutokea.

Mto ulipofurika ulibeba nyumba yetu. Tukalala nje ya kanisa, halafu nikajikusanyia vijiti na matambara nikasimamisha kibanda. Programu moja ya kusaidia wasio na makao ikatupata hapo. Wakanijengea nyumba ya mabati na wakaanza kumlipia binti yangu karo. Najua shukrani ya punda ni mateke, na mimi si punda. Mungu awabariki.

Lakini waliniambia nisibomoe kile kibanda. Kila wafadhili wakija, navaa shuka kuukuu, nakaa mle ndani, napigwa picha. Kisha nasimama, natembea hadi nyumba ya mabati nikitabasamu, nao wanapiga makofi. Mara ya kwanza nililia kweli. Siku hizi ofisa wa programu ananiambia, "Mama, inama kidogo, leo hujakaa kama mtu wa shida." Wueh! Shida yangu mwenyewe nafundishwa kuikaa.

Sasa kuna nyanya mmoja, nitamwita Akiru. Mwanawe alienda Lokichar kutafuta kazi, akanyamaza kabisa. Nilimkuta akilala kwenye baraza la duka. Nilimpeleka kwa programu, wakasema nafasi zimejaa. Nikamkaribisha kwangu, lakini mabati mchana ni jiko, akakataa. Akasema, "Mimi kile kibanda kinanitosha." Akahamia huko.

Mwezi uliopita nilienda Kakuma kumwona binti yangu. Niliporudi, jamani! Nyanya alikuwa ametupa matambara yote, akakata vijiti vipya, akaezeka makuti ya mti wa mkoma, akafunga vizuri kabisa. Kwetu Waturkana nyumba hujengwa na mwanamke, na nyanya hakutaka kula kwangu bure na mikono anayo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndani kulikuwa na ubaridi mtamu, hata mimi nikalala huko mchana.

Juzi ofisa akaja kuandaa ziara. Akasimama, akashika kiuno.

"Nani ameharibu hii?"

"Ameharibu? Si ametengeneza?"

"Mama, wageni wakiona hii wataniuliza shida ilikuwa wapi. Hii ni nzuri kuliko ile tuliyojenga sisi!"

Nikamwambia ni kazi ya nyanya, na kwamba analala humo. Akashusha sauti. Si kijana mbaya, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Akasema, "Huyo mzee hayuko kwa programu. Wakimwona wataanza maswali. Mtafutie mahali, ung'oe hayo makuti, urudishe matambara. Na karo ya msichana, mama, unajua inatoka kwa hao hao wageni."

Nimtafutie wapi? Kule barazani nilikomtoa? Nimlete ndani ya mabati, wageni ndiko wanakoingia. Nikikataa, binti yangu anafungasha sanduku. Jana alinipigia simu akicheka, amechaguliwa kuwa kiranja wa bweni. Nikampongeza, nikakata haraka kabla hajasikia kilio kwenye sauti yangu.

Nyanya sikumwambia kitu. Nilidhani alikuwa amelala wakati ofisa anaongea. Leo asubuhi nikatoka nje nikamkuta anafungua kamba za makuti, moja moja, anayapanga chini.

"Nyanya, unafanya nini?"

Hata hakuniangalia. "Mtoto asome. Nimejenga nyumba nyingi, na tukihama nimezibomoa mwenyewe. Niambie tu nirudi saa ngapi wakishaenda."

Nilimshika mikono nikamwambia aache, nikalia mbele yake kama mtoto. Sasa nusu ya kibanda imeezekwa, nusu iko wazi, sisi wawili tumekaa kwenye hako kakivuli kalikobaki, na Jumamosi ni kesho kutwa.

Nyinyi mlio na wazazi na mlio na watoto, nishaurini. Haya makuti nimsaidie kuyarudisha juu, au nimsaidie kuyashusha?